Kesi ya Gitaa Lililovishwa Kava

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la ubao lililoegemezwa ukuta wa kibanda cha fundi redio. Mguu wake mmoja ni tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule hutikisika kila akipumua, na mgeni hudhani anaitikia kila kinachosemwa. Mbele ni barabara ya vumbi, pembeni ni jiko la Mama Birika na ndoo yake ya kuoshea vikombe. Watu wanasema wanakuja hapo kunywa kahawa. Uongo mtupu. Wanakuja kubishana, na kahawa ni ya kulainishia koo ili ubishi upite vizuri. Siku ile, saa kumi alasiri, Mama Birika alikuwa bado anapuliza mkaa Kidole alipotokea na gitaa limefungwa kwenye shuka, uso umemvimba kwa hasira. Akalilaza gitaa juu ya benchi, likala nafasi ya watu wawili, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

— Leo kahawa sitaki, akasema. Leo nataka haki.

Kutamka neno haki mbele ya Wakili ni kujitafutia shughuli. Wakili mwenyewe si wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, akibeba mafaili kutoka chumba hiki hadi kile, na anaamini kabisa kwamba sheria ilimwingia mwilini kupitia kwapani.

— Mlalamikaji aketi, akasema, akiweka kikombe chini. Mshtakiwa ni nani?

— Yumo humo ndani! Kidole akanyoosha mkono kwenye kibanda. Anajificha nyuma ya moshi wake!

Humo ndani alikuwemo Fundi Lehemu, miwani imefungwa kwa kipande cha waya, chuma cha kuchomea mkononi, redio tatu zimefunguliwa matumbo mbele yake. Hakuinua hata kichwa.

— Mimi sijifichi, akasema. Mimi nafanya kazi. Wengine mnapaka rangi nusu ukuta, mnaenda kutafuta haki.

Hilo lilikuwa dongo, na lilimfikia mwenyewe. Kidole ni mpaka rangi. Mchana hupaka nyumba za watu, Jumamosi hupiga gitaa la umeme kwenye harusi, na kote kuwili kucha zake huwa na rangi ya nyumba ya mwisho. Siku ile zilikuwa za kijani.

Akafungua shuka kwa pupa.

— Tazameni wenyewe! Tazameni nilichofanyiwa!

Wakainama wote. Chini ya nyuzi, pale ambapo gitaa la umeme huwa na pikapu zake mbili, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba ambazo husikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye amplifaya, sasa kulikuwa na vifuniko viwili vya bati. Vilikuwa vimesuguliwa mpaka vinang'aa, unaweza kunyolea ndevu.

— Nilimpa gitaa likiwa wazi, sumaku zinaonekana, nyeusi, na ule mkwaruzo wa kaka yangu juu yake. Amenirudishia limevaa kava!

— Si amelisitiri tu? akauliza Bomba.

Bomba ni fundi bomba, na ndiye aliyekuwa amekalia upande wa tofali, kwa hiyo swali lake lilitoka huku yeye mwenyewe akilikubali.

— Kusitiri nini? Kidole akafoka. Amebadilisha! Amezing'oa sumaku za kaka yangu, ameweka takataka, kisha akafunika ili nisione. Kama huna unachoficha, unafunika cha nini?

— Mambo ya sufuria hayo, Mama Birika akasema. Ukikuta imefunikwa, ujue imeshaliwa.

Fundi Lehemu sasa akatoka. Alipotoka, chuma kilikuwa bado mkononi, na Wakili akasogea kidogo.

— Sikiliza we Kidole, na nyie mashahidi wa kahawa sikilizeni. Nani alikuja hapa wiki iliyopita analia kwamba gitaa linavuma? Nani alisema kiongozi wa bendi amemwambia mbele ya watu, gitaa lako linanguruma kama friji bovu, ukija nalo Jumamosi usipande jukwaani?

— Ni mimi. Lakini...

— Hakuna lakini! Nikakwambia, hizo pikapu ziko wazi, zinadaka kelele za kila taa na kila waya wa umeme mtaani. Dawa yake ni kuzifunika kwa bati na kuunga bati hilo na waya wa kupeleka kelele ardhini. Nimekata bati la redio ya zamani, nimelikunja juu ya kipande cha mti, nimelisugua kwa majivu. Nimemimina nta ya mshumaa ndani ili zisipige filimbi. Siku mbili! Sumaku za kaka yako zimo humo humo, sijazigusa hata kwa pumzi. Asante sijapewa. Naitwa mwizi!

— Subiri kidogo, Wakili akasema, akiinua mkono. Mshtakiwa amekiri mshumaa. Iandikwe.

— Nani aandike? Bomba akauliza.

— Ikumbukwe, basi. Mshumaa unawashwa wapi? Kunapokosekana umeme. Sasa mtu anaingiza mshumaa ndani ya chombo cha umeme! Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Wote wakatikisa vichwa kwa heshima, ingawa hakuna aliyejua kibaba kimeingiaje. Mama Birika akamimina duru ya kwanza.

Kidole alikuwa hajakaa. Hasira ya kava peke yake ingemwisha njiani, maana yeye si mtu wa kugombana na mafundi. Kilichomkaba ni kingine, na sasa kikamtoka.

— Ningekuwa nazua mwenyewe, ningenyamaza. Lakini mama amesema.

Hapo hata Lehemu akashusha chuma chake. Kila mtu pale kijiweni alimjua mama yake Kidole, na kila mtu alijua habari ya lile gitaa. Lilikuwa la kaka yake mkubwa, aliyezikwa mwaka uliopita. Mama macho yameshakwisha, na akili nayo huja na kuondoka kama wapangaji wabaya. Siku moja moja hukumbuka kwamba mwanawe mkubwa amekufa, na siku hiyo hulia upya kama ndiyo kwanza anaambiwa. Siku nyingine zote humsubiri. Kwa hiyo kila jioni Kidole hutoka kazini, humnawisha mama, humpakulia chakula, kisha huingia chumba cha pili, huchomeka gitaa na kupiga nyimbo mbili tatu za marehemu. Mama akiwa upande wa pili wa ukuta husema, "Amefika." Akishasema hivyo ndipo hushika kijiko.

— Siku nne sasa, Kidole akasema. Siku nne mama yangu hali usiku. Nakaa pale pale, gitaa hili hili, nyimbo zile zile. Anasema, "Leo pia hajaja." Jana nimepiga mpaka vidole vimechanika. "Hajaja." Chakula kinapoa, natoa, naosha sahani. Macho hana, lakini masikio yake anayo, na masikio ya mama hayadanganyiki. Hizi siyo sumaku za kaka!

— Aa, hapo sasa, Bomba akasema. Hapo mimi nimeelewa. Tatizo ni presha.

— Presha ya mama?

— Presha ya gitaa! Sauti ni kama maji. Maji ukiyafunga huku, hayapotei, yanarudi nyuma. Sauti ya huyu bwana imefungiwa kava kwa siku nne. Imejaa. Imo humo kwenye mbao, inazunguka inatafuta pa kutokea. Mimi nawaambieni, Jumamosi bibi harusi akiwa anaingia ukumbini, gitaa hilo litapasuka na nyimbo zote zitatoka kwa pamoja.

— Upuuzi, Wakili akasema. Nyie hamfikirii uhalifu. Sumaku za zamani zina nguvu, na sumaku yenye nguvu unajua inafanya nini ukiibandika kwenye mita ya umeme? Mita inalala. Hizo sumaku ziko kwenye mita ya tajiri fulani sasa hivi, anapiga pasi bure. Na kila akiwasha taa, wimbo wa marehemu unatoka kwenye balbu.

— Kwenye balbu, mzee? Lehemu akauliza, mikono kiunoni.

— Usinihoji. Mimi ndiye nahoji.

Mama Birika akachochea mkaa. Yeye huwa hasemi mpaka wanaume wamalize akiba yao.

— Nyote hamjalisikia neno moja, akasema. Fundi kasema bati ni la nini? La redio ya zamani. Redio hiyo imesoma taarifa ya habari miaka mingapi? Bati limezoea. Sasa kijana anapiga wimbo wa kaka yake, unapita kwenye bati, unatoka umekuwa taarifa ya habari. Mama wa watu anasubiri mwanawe, anamsikia mtangazaji. Hata mimi nisingekula.

Ilikuwa hoja nzito. Bomba akatikisika mara mbili nzima.

— Redio haikuwa hata inasoma habari, Lehemu akasema. Ilikuwa mbovu!

— Ndiyo mbaya zaidi! Wakafoka wote kwa pamoja.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amefika, kitambaa cha kijani kichwani, pasi ya umeme mkononi na waya wake umezungushwa kwenye mpini. Hakuna aliyemjua. Akasalimu, wakamwitikia juu juu.

— Pasi yangu haipati moto. Nimeelekezwa kwa fundi hapa.

— Subiri kidogo dada, Wakili akamwambia. Fundi yuko kizimbani.

Akakosa pa kukaa kwa sababu ya gitaa, akasimama kando ya ndoo. Mama Birika akampa kikombe, na kesi ikaendelea bila kumjali.

— Maneno tosha, Bomba akasema. Kwenye kazi yetu bomba likiziba hatukai tukaliombea. Tunafungua.

Akachomoa bisibisi kutoka mfuko wa nyuma. Lehemu akalirukia gitaa kama linataka kuanguka.

— Hapana! Usiguse! Chini ya kava hii kuna waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara, na sasa umeshikana na nta. Ukichokonoa na hilo dude lako, unakatika. Ukikatika, gitaa limekufa. Sizungumzii kuumwa, nazungumzia kufa!

— Mnaona? Wakili akasema. Hataki lifunguliwe. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Kama hukuiba, lifunguliwe, Kidole akasema.

— Nikisema halifunguliwi, siyo kwa ajili yangu. Ni kwa ajili yako, mpumbavu wewe!

Neno mpumbavu liliamua kila kitu. Kidole akamnyang'anya Bomba bisibisi. Akaiweka ncha kwenye ukingo wa kava ya kwanza, pale bati lilipokutana na mbao. Chini ya bati lile kulikuwa na mkwaruzo ambao kaka yake aliufanya kwa ufunguo wa mlango usiku mmoja wa kulewa, na Kidole alikuwa ameugusa kila jioni kwa mwaka mzima bila kujua kwamba anaugusa. Kama upo, fundi ni mkweli. Kama haupo, atamla nyama. Na kama waya utakatika, basi hata hizo nyimbo mbili tatu za jioni ndiyo zimekwisha. Aliyajua yote hayo, na bado ncha ilikuwa inaingia.

— Samahani baba zangu, mwanamke wa pasi akasema. Nauliza tu, maana mimi ni mgeni. Mama alisema hajaja kabla hujaanza kupiga, au ulipokwisha kupiga?

— Dada, hilo linahusianaje na... Wakili akaanza.

Akakwama. Akamtazama Bomba. Bomba akatazama kikombe chake. Walikuwa wamemaliza duru mbili, wamefika kwenye mita ya tajiri na kwenye bibi harusi, na hakuna aliyejua.

Kidole aliinua bisibisi. Akarudi nyuma kichwani, jioni baada ya jioni. Anaingia. Anachomeka waya. Anawasha amplifaya. Anachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, anafuta rangi kwenye vidole ili asichafue nyuzi. Ni katika kule kufuta. Hajagusa hata uzi mmoja. Na kutoka upande wa pili wa ukuta mama anashusha pumzi.

— Kabla, akasema.

— Kabla?

— Nikishawasha tu. Ninafuta mikono. Anasema hajaja.

Fundi Lehemu akavua miwani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, na hakufurahi hata kidogo.

— Kaka yako alikuwa akiingia nyumbani, anafanya nini kwanza?

— Anawasha gitaa. Hata kabla ya kuvua viatu. Anachomeka, anawasha, ndipo anaenda kumsalimu mama. Mama alikuwa anamgombeza kila siku, gitaa kwanza, mama baadaye!

— Na gitaa likiwashwa linafanyaje?

Jibu lilikuwa ule mvumo. Ule mngurumo wa friji bovu uliomtia aibu mbele ya bendi. Ulikuwa unapita ukutani kabla ya wimbo wowote, na mama alikuwa ameusikia kwa miaka kumi na tano. Ndiyo ilikuwa hodi ya mwanawe. Nyimbo zilizofuata zilikuwa maongezi tu.

— Kwa hiyo, Lehemu akasema, na sauti ikaanza kupanda, kosa langu ni kwamba nimefanya kazi vizuri! Ningekuwa fundi mbovu, mama angekuwa anakula! Miaka yote naitwa tapeli kwa redio zilizorudi zinakoroma, leo nimenyamazisha kitu kikanyamaza kweli, naletewa bisibisi! Dunia gani hii?

— Mahakama inakuachia huru, Wakili akasema, lakini kwa onyo kali.

— Onyo la nini?

— La kufanya kazi bila kumuuliza mama.

— Fundi, Kidole akasema polepole. Urudishe.

— Nirudishe ugonjwa?

— Urudishe. Nisamehe kwa lile neno la wizi.

— Na Jumamosi? Kiongozi wa bendi atakufukuza.

— Anifukuze.

Lehemu akachukua gitaa na kuingia nalo kibandani. Walimsikia akivuta droo, akitukana, akivuta droo nyingine. Alifungua kibati cha nyuma, mbali kabisa na ule waya wa unywele. Akaunganisha nyaya mbili za kava, zile za kupeleka kelele ardhini, kwenye swichi moja ndogo aliyoing'oa kwenye taa ya mezani iliyokufa. Moshi wa lehemu ukapanda. Baada ya kama nusu saa hivi akatoka na waya mrefu, akachomeka gitaa kwenye amplifaya yake ya majaribio.

— Sikilizeni.

Akabonyeza. Kimya, safi, unasikia mkaa unapasuka. Akabonyeza tena.

Nnnnnnnn.

Bomba akavua kofia, mwenyewe hajui kwa nini. Mama Birika akasimama na kikombe kimoja kinachuruzika maji. Kwa Kidole lilikuwa jambo baya zaidi, kwa sababu mwili wake uligeuka wenyewe kutazama mlango wa kibanda, kana kwamba kaka yake anaingia.

— Ndiyo huo, Lehemu akasema, na sasa alikuwa anajidai, maana fundi akishapata suluhisho husahau matusi yote. Ukibonyeza huku, wewe ni mpiga gitaa wa harusi, safi, hakuna wa kukufukuza. Ukibonyeza huku, jioni, nyumbani, wewe ni kaka yako. Mama anakula, wewe unapata Jumamosi yako. Kazi hiyo!

— Kazi hiyo! wakaitikia wote, na Wakili akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza siku ile methali ilikuwa karibu na mahali pake. Wakageuka kumshukuru mwanamke wa pasi. Yeye alikuwa anamtazama Kidole.

— Na wewe mwenyewe je? akamuuliza. Wewe ukiingia, mama husemaje?

Alikuwa ameuliza kwa wema tu, kama mtu anavyouliza watoto wangapi.

Kidole akarudi tena kichwani. Alitafuta. Kila jioni mlango, mlio wa bawaba, ndoo ya maji, mikono ya mama ndani ya mikono yake, harufu ya rangi. "Nani huyo?" Hilo lilikuwepo. "Funga mlango, upepo." Na hilo. Mwaka mzima alikuwa akiharakisha kuvuka dakika zile ili afike kwenye gitaa, ili asikie neno Amefika, na akilisikia alikuwa anafurahi kama ameambiwa yeye.

Hakuna aliyemsaidia. Wakili, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha shati. Bomba alinyoosha kikombe chake apate cha kufanya, na Mama Birika akainamisha birika, akaitikisa, ikatoka mashapo tu.

— Imekwisha, akasema.

Kidole akalifunga gitaa kwenye shuka. Akamshika Lehemu bega, akamwitikia yule mwanamke kwa kichwa, akaondoka mapema ili akamnawishe mama kabla chakula hakijapoa. Fundi akapokea pasi, akaigeuza tumbo juu, na hakuna mtu pale kwenye benchi aliyekuwa na la kusema juu ya pasi.